Upelelezi Usiomtaja Mwenye Kosa (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulimwacha mpelelezi wa kawaida wa filamu: mwenye koti refu, anayeokota kitako cha sigara, halafu dakika tano kabla ya mwisho anawakusanya watu wote sebuleni amtaje muuaji. Leo tunazo filamu mbili zilizoupa kisogo utaratibu huo, moja ya Kampala, nyingine ya Kerala, kusini mwa India.

Ya Kampala ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Mtunzi wake, Isaac Nabwana, aliwahi kufyatua matofali huko Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini. Filamu nzima inasemwa iligharimu chini ya dola 200. Kompyuta aliiunda kwa vipuri vilivyokwisha tumika, na silaha zilitoka mikononi mwa Dauda Bisaso, fundi wa vyuma chakavu. Kapteni Alex, komando wa jeshi, anatumwa kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia. Kikosi chake kinamkamata ndugu wa Richard, mkuu wa genge, na Richard anaapa kulipiza. Mara Alex anauawa, na kamera haituonyeshi aliyemuua. Anatokea nduguye, Bruce U, bingwa wa Shaolin mzaliwa wa Uganda, ambaye kazi yake ni kumtafuta muuaji.

Hatafutwi mtu! Yanafuata mateke, helikopta inayolipua majengo ya Kampala, risasi zisizohesabika, Richard anatiwa mbaroni, filamu imekwisha. Swali lililoandikwa kwenye kasha halikujibiwa.

Nakala ya awali nayo haipo. Nabwana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata, na iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayetania na kushangilia juu ya maneno ya waigizaji. Kwa lugha ya mahakama tungesema kielelezo kimeteketezwa na mwenyewe.

Wasomaji wa Masafu, Busia na Tororo hawahitaji kuelezwa VJ ni nani. Katika mabanda ya video ya upande wa Uganda, filamu ya Kichina au ya Kihindi hufika na mtu wa kuisimulia kwa Kiganda. Ukivuka kuingia Kenya utamkuta DJ Afro akifanya kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili cha mjini. Watazamaji wa ng'ambo waliomcheka Nabwana kwamba amesahau muuaji walikosa jambo hili. Bandani, msimuliaji ndiye anayejua, ndiye anayedokeza, ndiye anayemshuku huyu na kumtetea yule. Mpelelezi wa ndani ya filamu hana kazi kubwa tena. Sidai Nabwana alilipanga hilo kwa makusudi. Nasema tu kwamba hadhira yake haikurudishiwa kiingilio kwa kukosa jina la muuaji, wala haikukidai.

Ya Kerala inaanzia upande wa pili kabisa. Thondimuthalum Driksakshiyum, iliyotoka mwaka 2017 chini ya mwongozaji Dileesh Pothan, inamwonyesha mwizi tangu mapema. Ndani ya basi anamkatia mke wa watu mkufu wa dhahabu wa ndoa, na akibanwa anaumeza. Anapelekwa kituoni na anapoulizwa jina anajibu Prasad, jina lile lile la mume wa mwenye mkufu. Eksirei inaonyesha mkufu umo tumboni. Sasa polisi wafanye nini? Wanamlisha ndizi, wanangoja aende haja, wanamsindikiza porini huku wameziba pua. Baadhi ya polisi hao ni polisi wa kweli waliopewa nafasi ya kuigiza, na inaonekana: wanajua jinsi askari aliyechoka anavyoegemea meza. Ukweli unajulikana na kila mtu, ila faili halisimami, na hatimaye wanaosukumwa wabadili maelezo ni mke na mume walioibiwa. Fahadh Faasil, aliyeigiza mwizi, alipata tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hii.

Kwangu hii ndiyo filamu ya mpakani, ingawa Kerala iko mbali. Hapa Busia, mtaa wa Sofia wa upande wa Uganda umegusana na Kenya, na njia za panya ni nyingi. Aliyeibiwa upande wa Kenya anaandikisha shauri katika OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Mwizi akiruka mpaka, shauri hilo linahitaji kuandikwa upya katika SD, shajara ya kituo cha Uganda, na askari wa upande mmoja hana mamlaka ya kumkamata mtu upande wa pili. Umoja wa wakuu wa polisi wa kanda hii, EAPCCO, upo tangu 1998, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018. Malori yanapita kwa haraka zaidi. Mwenye baiskeli iliyoibwa bado anaambiwa aanze upya kwa karani mwingine, aeleze rangi ya baiskeli, alete risiti, na pengine mwizi amesimama pale pale sokoni anamtazama.

Mtunzi wa kwetu angeweza kuanzia hapo, bila helikopta.

Juma lijalo tutarudi nyuma hadi 1982, kwenye Yavanika ya K.G. George, ambamo Mammootty ni polisi anayechunguza kutoweka kwa mpiga tabla wa kikundi cha maigizo.