Mbiru na Kodi ya Ardhi ya Japani
Ndugu, darasani Kileo huulizwa: gharama za mageuzi ya haraka hubebwa na nani? Serikali ya Meiji, Japani, iliwabebesha wakulima. Kodi ya ardhi ya mwaka 1873 ilikuwa asilimia 3 ya thamani ya shamba, fedha taslimu, hata mavuno yakiharibika. Mwaka 1876 wakulima waliasi. 1877 ikashushwa hadi asilimia 2.5.

Upareni mkoloni alileta mbiru, kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani, wakapiga kambi Same. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi (ambao aghalabu husahauliwa) nao waliandamana. Wapare hawakukataa kodi. Walikataa ukadiriaji ule. Mbiru ilifutwa 1947.