Je, Wajua? Kukosea Hatua Hakuondoi Faida ya Mazoezi

Wengi Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Kampemba, huogopa mazoezi ya kikundi yanayofuata muziki kwa kuwa miguu yao haishiki mdundo. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jaribio walilofanya na vijana 264 wa Brazili: wengine walicheza kwa pamoja, wengine kila mmoja kivyake, wengine kwa nguvu, wengine wakiwa wamekaa. Kisha mkanda wa kupimia presha ulibana mkono wa kila mmoja hadi aseme basi. Kutumia nguvu peke yake kuliongeza uvumilivu wa maumivu na kuwaleta watu karibu, hata pale hatua zilipotofautiana.

Utasema: kwenda pamoja nako kulikuwa na faida yake, basi asiyejua atapunjwa. Ni kweli, ila kwa muda tu, maana hatua zilezile hurudiwa kila kipindi na mwili huzizoea. Kumcheka mgeni ndiko kunakofukuza watu, na hilo mwalimu alikemee. Wewe simama mstari wa pili, fuata miguu kwanza, mikono baadaye.