Ndege ya zamani: chombo cha njia kibadilishwe ao kibaki?

Katika shimo na kiwandani tunaulizana kila siku: mashini hii ya zamani ingali inatembea, sababu gani kuibadilisha? Kule Marekani, wenye ndege ndogo za miaka ya 1970 wanaulizana vile vile juu ya vyombo vinavyomwonyesha piloti njia. Umri wa chombo peke yake hautoi jibu.

Tazama chombo kinachoitwa ADF. Sindano yake inageukia kituo cha radio kilicho chini. Lakini radi ikipiga, inaweza kugeukia mawingu ya radi, kule kule ambako piloti anapashwa kukimbia. Ninyi wenye radio nyumbani mnajua namna inavyokoroma wakati wa mvua; ni jambo moja.

VOR ni bora, lakini mlima ukisimama katikati, haisikii kituo chake. Tena chombo kinaweza kuwa kizima kabisa, na kituo kimezimwa. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa kuzima vituo vya VOR karibu 300 kati ya 896. Basi mwenye ndege aulize kwanza: katika njia ninazopita, vituo gani vinabaki?

GPS inasikia satelaiti zilizo juu kilometa 20 000 hivi. Lakini mawimbi yake yakifika kwetu ni madogo sana, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyafunika. Ndiyo sababu mwenye akili anaacha VOR moja ndani ya ndege. Wengine wanang'oa yote ili kupunguza uzito, siwasifu.

Bei ya dukani si bei yote. Waya za umeme za zamani, mpira wake unakauka na kupasuka. Fundi mwenye ruhusa ndiye anayefunga chombo, kisha uzito wa ndege unahesabiwa upya. Ramani zilizo ndani ya GPS zinatolewa upya kila siku 28, nazo zinalipwa. GPS ya mkononi inasaidia vizuri, lakini ndani ya mawingu piloti haruhusiwi kuitegemea peke yake.

Anayeruka siku za jua tu, karibu na kwao, hana haraka. Anayeingia ndani ya mawingu, abadilishe. Chombo kipya ajifunze kwanza ndege ikiwa chini, kisha siku ya mbingu safi, mwalimu akiwa pembeni: vifungo ni vingi, na macho yakikaa juu ya vifungo hayatazami mbele.