Malipo Yamepita, Ukurasa Haujui

Katika mawasiliano ya kawaida ya wavuti, seva haianzi kusema. Itifaki ya HTTP huenda kwa ombi na jibu: kivinjari huomba, seva hujibu, shughuli inakwisha. Ndani ya seva kila anwani ina ruti yake, yaani kipande cha programu kinachopokea maombi ya anwani hiyo na kuyajibu. Utaratibu huo hukwama pale habari inapoingia kupitia ruti ambayo mtumiaji hakuiita.

Malipo ya M-Pesa katika duka la mtandaoni nchini Kenya yanalionyesha jambo hili vizuri. Mteja anapobofya kitufe cha kulipa, ruti ya kwanza huiomba Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, kupitia Daraja, jukwaa lake la kupokea maombi ya programu, imfungulie kidirisha cha PIN kwenye simu yake. Safaricom hujibu papo hapo kwa namba ya kumbukumbu iitwayo CheckoutRequestID, lakini haisemi kama fedha zimelipwa. Mteja hata PIN hajaiandika. Matokeo huja baadaye kwenye ruti ya pili, yakiletwa na seva ya Safaricom yenyewe: ResultCode 0 malipo yakifaulu, 1032 mteja akighairi. Jibu la ruti hiyo humrudia aliyeomba, naye ni Safaricom. Mteja yuko palepale, anatazama kiduara kikizunguka.

Suluhisho la zamani ni kukifanya kivinjari kiulize kila baada ya sekunde chache. Kwa duka dogo si vibaya hata kidogo, ingawa maombi mengi hurudi mikono mitupu. WebSocket, iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 2011 kwa hati RFC 6455, hufuata njia nyingine: kivinjari hutuma ombi la HTTP la kubadili itifaki, seva hukubali kwa msimbo 101, na kuanzia hapo muunganisho hubaki wazi, kila upande ukituma ujumbe wakati wowote.

Kwa kazi hii, wanaoandika seva kwa Node.js na Express mara nyingi huichukua maktaba ya Socket.IO, iliyoanzishwa na Guillermo Rauch. Mifano mingi ya kujifunzia hutuma ujumbe ndani ya tukio la "connection", linalotokea kivinjari kinapounganishwa, na kuishia hapo, ndiyo maana wanaoanza hulihamishia tukio hilo ndani ya ruti. Ni kosa linalojificha: kila ombi likiingia, msikilizaji mpya husajiliwa juu ya wa zamani, na baada ya muda ujumbe mmoja hushughulikiwa mara nyingi. Kinachotakiwa ni chepesi zaidi. Kitu kiitwacho io, yaani seva ya Socket.IO yenyewe, huundwa mara moja tu seva inapowashwa, kisha huhifadhiwa kwa app.set('io', io), na ruti yoyote hukipata kwa req.app.get('io').

Linabaki swali la nani apelekewe. Amri ya io.emit humfikia kila aliyeunganishwa, na kutangaza malipo ya mtu mmoja kwa wateja wote ni kuvujisha siri. Socket.IO ina vyumba, yaani makundi ya soketi, kwa ajili hiyo. Soketi ya mteja, yaani muunganisho wake na seva, huingizwa katika chumba chenye namba ya oda yake, na ruti ya pili, baada ya kuitafuta oda kwa CheckoutRequestID, hutuma kwa io.to(chumba).emit('malipo', hali). Seva ndiyo iamue nani aingie wapi, baada ya kuhakikisha kwamba oda ni ya mtumiaji huyo. Kivinjari kikiachiwa kujichagulia chumba, chochote kitaweza kusikiliza.

Tahadhari kubwa iko kwenye mpangilio wa hatua. Ruti ya pili iko wazi mtandaoni na yeyote anayeijua anwani yake anaweza kuipelekea taarifa ya uongo, kwa hiyo matokeo hukaguliwa kwanza, huandikwa kwenye hifadhidata, ndipo ujumbe utoke. Kwa mipangilio yake ya kawaida, Socket.IO haiwawekei ujumbe wa seva wateja waliopotea hewani. Simu ikikosa mtandao wakati huo, ukurasa unaporudi huuliza hali ya oda kupitia ruti ya kawaida.

Duka likikua na kuendesha michakato kadhaa ya seva, taarifa ya Safaricom inaweza kuangukia mchakato mmoja ilhali soketi ya mteja iko kwenye mwingine. Hapo adapta ya Redis huwekwa katikati, nayo hupitisha ujumbe kati ya michakato bila mstari wa emit kubadilika.