Kinachomrejesha Mshitiri Dukani

Vijana wetu wengi wafunguapo kibanda cha biashara huanza na rangi ya ukuta, na jina kubwa juu ya mlango, na chombo cha muziki hata jirani asipate kulala. Haipiti miezi mingi ila mlango umefungwa, na mwenyewe asema amerogwa. Hali ng'ambo ya njia yuko mzee mwenye duka lisilotimia hatua nne, taa yake moja, na watu wamsubiri tangu alfajiri. Yafaa tuliangalie jambo hili, kwani riziki ya majumba mengi ya Waislamu imo katika maduka madogo kama hayo.

Bei peke yake haimfungi mtu. Aliyekuja kwa kupunguziwa shilingi 100 ataondoka siku atakapopunguziwa 200 kwingine. Arudiye ni yule ambaye moyo wake umetulia. Na ukitaka kujua ni duka gani limepata utulivu huo, usiwaulize watu wazima. Tazama watoto wanatumwa wapi. Sisi tusomeshao chuoni twawaona killa jioni, wametoka katika masomo, mkononi noti na chupa tupu ya mafuta. Mtoto wa miaka 7 hajui bei, hawezi kuisoma mizani, na chenji yake haihesabu. Mama humpitisha maduka mawili yaliyo karibu, akamwambia: "Nenda kwa fulani, usende kwingine." Kwa huyo fulani chenji hurudi kamili, imefungwa katika karatasi, na mafuta yamejaa chupani kana kwamba mama mwenyewe alisimama pale. Mwenye duka ampunjaye mtoto hupata shilingi 50, akaikosa nyumba nzima, wala hataambiwa sababu. Watu wetu si wagomvi kwa wauzaji. Humwitikia salamu yake, wakapita.

Kisha kipimo. Sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wapunjao vipimo, na yaanza kwa kuwaonya. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikawa pishi moja, na kibaba kilijazwa hata kikafanya kichuguu juu. Leo twapima kwa kilo, lakini mshitiri bado hukitazama kiganja cha muuzaji mwishoni: chaongeza punje, au chazichota kuzirudisha guniani? Ile konzi ya nyongeza si kitu kwa thamani, na huzungumzwa uani siku tatu.

Lililo zito zaidi ni kasoro ya bidhaa. Amepokea Imam Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umaji. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile mbichi juu watu wakaiona, na akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Tazama basi mafungu ya nyanya sokoni kwetu, makubwa mazuri juu, yaliyopondeka chini!

Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijria (767), alikuwa mwuza nguo za hariri mjini Kufa. Husimuliwa kuwa alimpelekea mshirika wake bidhaa, akamwagiza ambainishie mnunuzi aibu ya nguo moja. Mshirika akauza, akasahau, wala hakumjua aliyenunua. Imam akaitoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Kijana wa leo atasema huo ni ujinga wa biashara. Sisi twamwuliza: nani, akisha kuisikia habari hiyo, angekwenda kununua hariri kwa mwingine?

Lipo na daftari la deni, ambalo ndilo huyaua maduka mengi. Kukopesha jirani ni wema, na aya ya 280 ya Suratul Baqara yataka mwenye dhiki apewe muda. Lakini aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yaamuru deni liandikwe. Mwenye akili huandika mbele ya mkopaji na kumsomea. Asiye na akili huandika peke yake usiku, kisha mwisho wa mwezi akayapaza madeni mbele ya watu, au akayabandika majina ukutani. Huenda akalipwa mara hiyo. Mara ya pili hatakopwa wala hatanunuliwa.

Sisi washitiri nasi tusijifiche. Wako watu, tena wenye kuswali safu ya kwanza, ambao mwezi ukiwa mkavu hula kwa daftari la jirani, na mshahara ukitoka hupanda gari kwenda kununua magunia mjini kwa taslimu. Mwenye duka huwaona wakishusha mizigo. Hasemi kitu, lakini mtaji wake umelala majumbani mwao, na siku atakapokosa fedha ya kuleta mchele atafunga, na mtoto wa miaka 7 atatumwa kwa yule mwenye muziki. Mwenye deni na alipe kwanza pale alipokula, ndipo apande gari.