Nguo na Ngoma

Nyangwe iko kando ya mto Lualaba. Zamani palikuwa na soko kubwa pale. Livingstone aliliona mwaka 1871. Wafanyabiashara wa pwani walileta shanga na merikani, ndiyo nguo nyeupe ya pamba. Wakachukua pembe za ndovu, na watu pia. Hivi watu wengi wa Maniema walifika Unguja wakiwa watumwa.

Huko Unguja nguo ilionyesha hali ya mtu. Mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kufunika kichwa. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki, nguo nyeusi isiyo na maua. Basi mtu alijulikana tangu mbali, kabla hajasema neno.

Mwaka 1897 Sultani wa Unguja alitoa amri: mtumwa akitaka uhuru, apewe. Waliopata uhuru walibadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake kanga za rangi nyingi.

Mombasa utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1907. Huko wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Wacheza ngoma wa chama kimoja walivaa sare. Binti za waungwana na binti za watumwa walisimama mstari mmoja, wamevaa nguo za namna moja, wakicheza kwa mwendo mmoja. Mtu akiwatazama ili ajue nani ni mtoto wa mtumwa, nguo hazikumwambia. Zilimwambia jambo moja tu: hawa ni wa chama kimoja.