Kamera haikanyagi tope

"Mwalimu, nifunge kamera ipi ili nirudi nyuma bila utingo?" Swali hilo nimeulizwa tena Isongole, na kijana aliyekuja na Fuso kupakia viazi. Nimemjibu kama ninavyowajibu wote: hakuna kamera ya hivyo.

Wauzaji wanawaaminisha madereva kwamba ukishaiona picha ya nyuma, kazi imekwisha. Si kweli hata kidogo. Lenzi ile ni pana, na upana huo huvisogeza vitu mbali: mti unaoudhania bado uko mbali, kumbe bodi imekaribia kuugusa. Mistari ya rangi kwenye skrini imepimwa kwa ardhi tambarare. Huku kwetu Rungwe shamba tambarare liko wapi? Mvua nayo ikinyesha, tope la tairi huiziba lenzi hata hujafika kwenye viazi. Kamera haioni tawi la mparachichi wala waya wa umeme juu ya bodi. Kubwa zaidi ni udongo. Ukingo wa mtaro ukilowa huonekana mzima, kumbe ndani umelegea, na tairi likiukanyaga unameguka. Hilo utalijua kwa kisigino cha kiatu.

Kijana yule kamera alikuwa nayo tayari. Alitaka nzuri zaidi. Alikodolea macho skrini, nyuma kweupe kabisa, akakata usukani wote kulia. Kichwa cha gari kikaenda kushoto, kikalaza uzio wa mianzi wa watu. Kabini ya Fuso imekaa juu ya matairi ya mbele, kwa hiyo kona yake hutoka nje kuliko dereva anavyohisi. Kamera ya nyuma ingemwonyeshaje? Mianzi itasimikwa upya. Mimi nawaza watoto, maana vijijini lori likiingia tu wanalikimbilia.

Huna utingo? Zima redio, shusha vioo vya milango yote miwili, washa hazadi. Shuka, lizunguke gari lote, tazama juu, kanyaga ukingo. Simika fimbo yenye kitambaa mahali ambapo tairi la nyuma halitakiwi kuvuka. Ingia ukikatia kulia, upande ulikokaa, uuone mkia kwa macho yako dirishani. Kama njia iko kushoto, nenda mbele ukageuze uje upande wa pili. Rivasi, polepole, mguu usiguse mafuta. Una tela? Usukani unakwenda kinyume, kata kidogo kidogo. Fimbo ikipotea kwenye kioo, simama, vuta handibreki, shuka tena, weka jiwe kwenye tairi, hata mara nne. Pakiwa pabaya, baki barabarani, magunia yaletwe kwa mkokoteni. Watoto wakiwa karibu, tafuta mtu mzima awaondoe na akae nao. Kama hayupo, usiweke rivasi.